Pikapu Inashushwa na Viazi: Historia ya Springi Nyanda za Juu Kusini

Maneno yanayoandikwa nyuma ya mabasi, malori na pikapu zetu yameshapata wasomaji wake. Watu wameyakusanya, wameyachambua, wameyalinganisha na majina ya kanga. Ni kazi nzuri. Lakini chini kidogo ya maneno hayo kuna kitu kingine kinachosomeka na ambacho hatujakisoma bado: majani ya springi. Yahesabu, angalia lipi jipya na lipi limetolewa kwenye gari lingine, tazama gari limekaaje likiwa tupu. Utajua limefanya kazi gani, kwenye barabara ipi, na mwenye nalo anategemea kubeba nini msimu ujao.

Nianze na swali dogo. Ukitafuta mtandaoni picha za pikapu zilizorekebishwa, utakutana na pikapu zilizoshushwa: bodi imekaribia kugusa lami, nusu ya tairi imezama ndani ya madigadi, gari limelala. Halafu nenda Uyole, Mwanjelwa, Ipogolo au Mafinga. Utaona kinyume chake. Pikapu tupu imeinua mkia, pua inaangalia chini, utadhani ng'ombe anayekunywa maji mtoni. Kwa nini wenzetu wanashusha na sisi tunanyanyua?

Jibu la haraka ni "barabara mbovu". Ni jibu la kweli, lakini halitoshi, maana barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya ina lami kwa zaidi ya nusu karne sasa, na mkia bado uko juu. Jibu ninalolitetea hapa ni jingine: pikapu ya Nyanda za Juu nayo hushushwa, kila siku, ila anayeishusha ni mzigo. Fundi kazi yake ni kuiandaa ishuke kwa kiasi kinachotakiwa. Na ukitaka kujua fundi huyo alijifunzia wapi hesabu hiyo, inabidi upitie historia ya barabara yenyewe.

Gari linashushwaje?

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa. Pikapu nyingi, nyuma, hubebwa na springi za majani: vipande vya chuma cha springi vyenye upinde vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa na macho mawili ya kushika kwenye chasisi, vifupi vikifuata kwa mpangilio, vyote vimebanwa katikati kwa bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Mbinu hii ni ya zamani kuliko injini. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za aina hii kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Gari lilipopata injini, springi ilihamia huko bila kubadilika sana, na hadi leo inaendelea kuishi nyuma ya pikapu kwa sababu rahisi: inabeba mzigo, inashikilia ekseli mahali pake, na ikivunjika inatengenezeka chini ya mwembe.

Kuishusha pikapu ya namna hii kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni kutoa majani, moja au mawili, hadi rundo lililobaki lipinde zaidi chini ya uzito uleule. Ya pili ni kumpelekea mtu mwenye tanuru au mashine ya kukunjia apunguze upinde wa jani. Ya tatu, kwa gari ambalo ekseli imefungwa chini ya springi, ni kuihamisha ikae juu yake. Hapo gari hushuka kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi chasisi hulazimika kukatwa kidogo ili ekseli isiigonge. Wapo pia wanaochoma springi kwa gesi hadi chuma kilegee. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu moto ukishaharibu ugumu wa chuma cha springi, kimebaki chuma tu.

Kunyanyua ni kinyume cha hayo. Unaongeza jani, au unaagiza jani lenye upinde mkali zaidi, au unafunga shakoli ndefu zaidi. Kwa fundi ni kazi ileile, spana zilezile. Anachotofautisha ni jibu la swali moja ambalo huuliza kabla hajalala chini ya gari: "Hii inabeba nini?"

Mifuko ya mchanga

Walioanza kuligeuza kushusha gari kuwa fahari walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wamarekani wenye asili ya Mexico wa California, baada ya Vita Kuu ya Pili. Magari waliyonunua yalikuwa yametumika. Hawakuwa na fedha za kuyafanya yaende kasi, basi wakayafanya yaende polepole na yaonekane. Njia yao ya kwanza ya kuyashusha ni hii, nayo ndiyo inayonifanya niandike habari za California katika makala ya Mbeya: walijaza mifuko ya mchanga au saruji kwenye buti.

Tulia hapo kidogo. Gari lililoshuka nyuma lilikuwa, kwanza kabisa, gari lililobeba. Vijana wale walitumia mzigo wa bandia kupata umbo la mzigo. Baadaye wakaona mchanga wa nini, wakakata springi, na umbo likabaki bila mzigo.

Serikali haikufurahi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 California ilipitisha kifungu cha sheria kilichokataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini ya usawa wa rimu. Mwaka 1959 kijana Ron Aguirre akaijibu sheria hiyo kwa kufunga kwenye gari lake pampu za haidroliki zilizotoka kwenye vifaa vya ndege: polisi akionekana, gari linapanda, akipita, linashuka. Kifungu kile kilidumu zaidi ya miaka 60, hadi sheria mpya iliyoanza kutumika Januari 2024 ilipokiondoa. Kumbe hata huko, kimo cha gari hakikuwa suala la urembo peke yake. Kilikuwa suala la nani anaruhusiwa kuonekana mtaani, na kwa mwendo gani.

Pikapu ziliingia baadaye, miaka ya 1970, pikapu ndogo za Wajapani zilipoenea Marekani: Datsun, Toyota, Mazda, Isuzu. Zilikuwa za bei nafuu, nyepesi, na springi zake rahisi kuchezea. Vijana wa California wakazilaza. Zingatia kwamba hizi ni kampuni zilezile zilizokuwa zikituletea sisi pikapu, na mara nyingine ni modeli zilezile. Toyota Hilux ilizaliwa 1968. Hilux moja ikaenda kulala kwenye lami ya Los Angeles, nyingine ikaja kupanda Kitonga. Springi zilitoka kiwandani zikiwa za jamii moja. Kilichozitenganisha ni walichokutana nacho.

Njia ya jehanamu

Zilichokutana nacho huku kina tarehe. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa upande mmoja wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilijikuta mafuta yake na shaba yake vinategemea njia inayopita kwa adui. Mafuta yalipokatwa, njia iliyobaki ilikuwa ya mashariki: kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, hadi Ukanda wa Shaba.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo. Ilitosha kwa mabasi machache na malori ya wafanyabiashara. Haikujengwa kwa ajili ya kulisha nchi nzima. Mapipa ya mafuta yakapakiwa kwenye kila lori lililopatikana, yakashushwa na kupandishwa milimani, na mvua ilipoanza barabara ikageuka tope. Malori yalipinduka, yalizama, yaliwaka moto. Wageni walioiandika habari hiyo kwenye magazeti waliiita njia ya jehanamu, na jina likadumu.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, na malori makubwa ya Fiat yenye matela yakaanza kuonekana kwenye mteremko wa Kitonga. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaipunguzia barabara mzigo wa mafuta. Barabara nayo ikajengwa upya kipande kwa kipande, kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha Wachina wakajenga TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975. Reli ilipita Makambako na Mbeya. Iringa mjini haikufika. Iringa ilibaki mji wa barabara, na mpaka leo kila kinachoingia au kutoka kwenye mji ule ulioko juu ya kilima kinapandishwa na kushushwa kwa matairi.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama historia ya siasa: Nyerere, Kaunda, Wachina, Wamarekani, ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sawa, ni kweli. Lakini kwa kijana wa Makambako au Uyole mwenye spana mkononi ilikuwa pia shule ya chuma. Magari yaliyokuwa yakienda Zambia yalikuwa yakivunja springi, na gari likivunja springi kilomita 700 kutoka bandarini halisubiri kipuri. Jani linatafutwa kwenye gari lililokufa, linakatwa, linatobolewa, linabanwa. Kanuni za mafundi wetu zimetokana na mazingira hayo: chuma chochote cha springi kina kazi, jani moja zaidi ni bima, na gari tupu linalokaa sawasawa litakaa vibaya likishabeba.

Magunia manne

Pikapu kama tunavyozijua sasa zilikuja kwa wingi baadaye. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 gari dogo lilikuwa kitu adimu, fedha za kigeni hazikuwepo, na huko vijijini Land Rover 109 ndiyo iliyobeba mgonjwa, mbolea, mwalimu na mbuzi kwa safari moja. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mlango ukafunguka. Zikaja pikapu mpya na zilizotumika, na miaka iliyofuata zikaja kwa wingi kutoka Japani, nchi ambayo watu wake huendesha kushoto kama sisi na ambako ukaguzi wa lazima wa magari hufanya gari kuukuu liwe ghali kubaki nalo.

Kati ya zote, inayonivutia zaidi ni ndogo kuliko zote: Suzuki Carry, ambayo Watanzania tumeipa jina letu, Kirikuu. Kwao Japani gari hili liko kwenye daraja maalumu la magari madogo yenye nafuu ya kodi. Sheria yao inalipangia kila kitu: injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.4, na mzigo usizidi kilo 350. Mkulima wa Kijapani hupakia humo kreti za mboga, mashine ndogo ya kukatia majani, basi.

Sasa lilete Mbeya. Gunia la viazi mviringo, kwa sheria, halitakiwi kuzidi kilo 100. Magunia manne tu ya halali ni kilo 400. Tayari umeshapita kipimo cha Mjapani, na hujampakia hata mwenye viazi. Halafu kumbuka kwamba gunia la halali si lazima ndilo linaloshuka kutoka Umalila au Makete. Kuna lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba cha kamba juu, ambalo Wakala wa Vipimo amelipiga vita miaka nenda miaka rudi kwa sababu linamnyonya mkulima: anauza viazi vya gunia moja na ushee kwa bei ya gunia moja. Hatujazoea kulitazama suala la lumbesa kutoka chini ya gari. Lakini ile ziada ambayo mkulima hailipwi ina mahali inapokaa, nayo ni kwenye springi. Mkulima anaipoteza kwenye bei, mwenye gari anaipoteza kwenye chuma.

Ndiyo maana Kirikuu ikishafika mikononi mwa mtu wa Mbalizi au Ilula, springi za Kijapani hazikai peke yao. Linaongezwa jani, yanaongezwa mawili, wakati mwingine majani ya gari kubwa zaidi yanakatwa na kuchongwa yaingie. Gari tupu linanyanyuka nyuma na kuruka kwenye kila tuta kama mbuzi. Ukipanda likiwa tupu utalaumu fundi. Lipakie, ndipo utaelewa: mkia unashuka, pua inainuka, gari linakaa sawa. Limeshushwa.

Kwa hiyo tofauti ya California na Mbeya si kwamba mmoja anapenda chini na mwingine juu. Wote wawili wanalenga umbo lilelile, gari lililotulia kwenye magurudumu yake. Kule walilitafuta umbo hilo kwa ajili ya siku ya mapumziko. Huku linapatikana kwa saa chache tu, kati ya shamba na soko, na linalipiwa.

Breki inayodanganywa

Hapa lazima niseme jambo ambalo sifa za ubunifu wa mafundi wetu huwa zinalifunika. Kimo cha mkia wa pikapu si namba ya springi peke yake. Pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, zina vali ya breki inayopima mzigo. Ni kifaa kidogo chini ya bodi, chenye fito iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kukisia uzito kwa kutazama kimo. Bodi ikiwa juu, vali inaamini gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge na kuserereka. Bodi ikishuka, vali inaamini kuna mzigo, inaachia nguvu zaidi.

Sasa ongeza majani mawili bila kurekebisha fito ile. Pakia tani moja. Bodi haishuki kama kiwanda kilivyotarajia, vali inaendelea kuamini gari ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu ndogo wakati ambao zinahitajika kuliko wakati wowote. Breki za mbele zinabeba kazi yote. Kwenye tambarare hutagundua. Utagundua kwenye mteremko wa Kitonga, kona baada ya kona hadi bonde la Ruaha, au Iwambi unaposhuka kuelekea Mbalizi, mteremko ambao umeshazika watu wengi mno. Breki zinapashwa moto, pedo inalegea, na kilichobaki ni gia na dua.

Wanaoshusha nao wana deni lao. Gari lililotolewa majani linamwambia vali kwamba limebeba, wakati halina kitu. Breki za nyuma zinapewa nguvu kubwa kwenye magurudumu mepesi, na kwenye lami iliyolowa, kwa mfano asubuhi ya ukungu ya Uporoto, nyuma inaweza kutangulia mbele. Springi laini pia huiacha ekseli ijipinde unapokanyaga mafuta au breki, na mpira wa kugotea unakutana na chasisi kwenye kila shimo. Ndiyo maana anayejua kazi, akibadilisha kimo kwa upande wowote ule, hurekebisha fito ya vali, huangalia urefu wa shokapu, na hukagua kama mpira wa breki unaoelekea kwenye ekseli hauvutwi. Ni kazi ya muda mfupi, lakini mteja haioni kwa macho, kwa hiyo ni rahisi kuirukwa.

Sheria nayo inatazama pembeni. Kwenye barabara yetu kuna mizani Wenda, Makambako, Uyole, na Mpemba kabla ya Tunduma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Lakini mizani ni kwa magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu. Kirikuu na pikapu zinapita kando. Kwa upande wa barabara kuna mantiki. Jaribio kubwa lililofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa kasi kubwa sana kadiri uzito wa ekseli unavyoongezeka: ukiongeza uzito mara mbili, uharibifu unaongezeka takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo lori moja linaumiza lami kuliko msururu mzima wa pikapu, na mizani iko hapo kwa ajili ya lami. Aliyeko ndani ya pikapu, na yule mama aliyekaa juu ya magunia, hakuwekewa mizani yake.

Jani linalotolewa

Je, hakuna anayeshusha pikapu Mbeya na Iringa? Wapo. Wapo vijana wa mjini wanaopenda mtindo, na siwalaumu. Uzuri ni haja ya mtu kama haja nyingine. Lakini wengi wanaomwambia fundi atoe majani hawana habari na California. Ni watu ambao kazi ya gari lao imebadilika. Pikapu iliyobeba mbao Mufindi miaka kumi imenunuliwa na mtumishi anayetaka kwenda nayo ofisini na kanisani. Mzee ameacha kulima viazi, watoto wako Dar, gari sasa linabeba mke wake na kikapu cha sokoni, na kila tuta linampiga mgongo. Anafika gereji na kusema gari ni gumu. Fundi anauliza swali lake lilelile: inabeba nini? Mzee anajibu kwamba siku hizi haibebi kitu. Basi majani yanatolewa, moja kila upande, mkia unashuka, gari linapumzika.

Ukilitazama hivyo, kushusha pikapu ni kuistaafisha. Na jani lililotolewa halitupwi. Kama bado zima, linangoja gari jingine, kwa sababu msimu wa mavuno uko njiani na kuna mtu anayetaka kuongeza. Kama limepasuka, linakwenda kwa mhunzi, naye atakwambia hakuna chuma kinachomzidi springi kwa panga na kisu. Kwenye milima hii hilo lina historia ndefu. Kabla ya gari la kwanza kupita hapa, Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wakifua chuma na kuwauzia Wanyakyusa majembe. Biashara ya kuyeyusha mawe ilikufa bidhaa za viwandani zilipoingia, lakini mkono wa kufua haukufa. Ulipata chuma kipya, kilichokwisha kuyeyushwa Japani au Ulaya, kikaja na gari, kikabeba viazi hadi kikapasuka, kikarudi shambani kikiwa panga.

Historia za magari tunazosoma zimeandikwa kutoka kiwandani: modeli gani, mwaka gani, injini ipi. Kwa sisi ambao hatukuzitengeneza, historia hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili iko kwenye mabadiliko tuliyoyafanya baada ya kuzipokea, na haiko kwenye maktaba yoyote. Iko gereji, kwa mafundi ambao baadhi yao walianza kushika spana wakati malori ya Fiat yangali yakipita, na ambao hawatakuwepo milele. Mtu mwenye simu ya kurekodia na subira ya kukaa siku nzima Uyole au Ipogolo angeweza kuianza kazi hiyo mwezi huu. Asianze kwa kuwauliza mambo ya Nyerere na Kaunda. Aonyeshe springi moja iliyochanganywa majani ya magari matatu, aulize kila jani lilitoka wapi na lilikuwa linabeba nini.